Nina 1,900,000 ya upatu: nichukue hii "Gaming PC" ya Kariakoo au nijiungie mwenyewe?

RangiTatu01:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi si mtaalamu, naomba msinicheke. Nimecheza upatu kazini miezi kumi, wiki iliyopita zamu yangu imefika. Mama watoto yeye zamu yake alinunua friji, kwa hiyo kwenye hii yangu hana la kusema.

Kuna duka Kariakoo wameniwekea mashine pembeni. Kioo ubavuni, feni nne zinawaka rangi zote, i7, RAM 16, SSD 256, kadi ya picha GTX 1050 Ti ya GB 4. Wanataka 1,750,000 na wananiongezea kibodi ya taa. Nataka kucheza FC, GTA V, Cyberpunk Mungu akijalia, halafu nijiandae na GTA VI. Skrini nina TV ya inchi 32. Nichukue? Jamaa anasema kesho kuna mteja mwingine anakuja na hela mkononi.

kimya_kingi:
Huyo mteja wa kesho nilimsikia tangu nikinunua Nokia ya tochi. Mpaka leo hajafika.

FundiBisibisi:
Dogo, i7 ya ngapi? i7 ni jina la ukoo, si jina la mtu. Zipo tangu 2008. Mwambie afungue Task Manager, sehemu ya CPU, upige picha. Na upige picha nyuma ya mashine, pale waya wa skrini unapochomekwa kwenye kadi.

RangiTatu01:
Imeandikwa i7-3770. Picha ya nyuma hiyo hapo mkuu. Kuna tundu la buluu, la HDMI, na lile pana jeupe.

FundiBisibisi:
Kaa chini kwanza.

i7-3770 ni ya mwaka 2012. Ilikuwa mashine kweli enzi zake, hata mimi nilikuwa nayo. Lakini Microsoft haiitambui kwa Windows 11, na Windows 10 waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Geimu kama Valorant ukiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama za kwenye bodi), ukikosa haikufungulii mlango. RAM yake ni DDR3, kizazi cha zamani, kwa hiyo siku ukitaka kubadilisha bodi huhami nayo. Ukivua zile taa, hapo ndani kuna kompyuta ya ofisi iliyostaafu Ulaya, ikahamishiwa kwenye keisi ya kioo.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hilo tundu la buluu. Hiyo ni VGA. Chipu za familia ya GTX 10 hazitoi VGA kabisa, NVIDIA waliiondoa. Kadi inayojiita 1050 Ti halafu ina tundu la VGA, mara nyingi sana ni kadi ya zamani iliyoandikwa upya BIOS yake (programu ya ndani ya kadi) ili iidanganye Windows. Mwaka juzi kijana aliniletea ya hivyo, analalamika GTA inagandaganda. Nikafungua feni, nikafuta ile pesti kavu kwa spiriti, chipu ikajitaja yenyewe: GF116. Hiyo ni ya GTX 550 Ti, ya 2011. Kijana alikaa kwenye benchi langu dakika tano nzima anaitazama, hasemi kitu.

Ukirudi pale nenda na flashi yenye programu ya GPU-Z. Ni ndogo, haihitaji hata kusakinishwa. Kadi ikiwa ya kughushi, GPU-Z inaandika FAKE mbele ya jina lake. Mwonyeshe muuzaji kwa adabu, huenda naye alibambikiwa.

RangiTatu01:
Nimetoka kule sasa hivi. Imeandika FAKE mkuu. Jamaa akasema hiyo programu ina virusi.

kimya_kingi:
😂😂😂 Virusi vya ukweli.

RangiTatu01:
Basi nimeamua, najiungia. Nianze na prosesa ipi?

FundiBisibisi:
Usianze na prosesa. Kila anayekuja hapa anaanza na prosesa kwa sababu ndiyo yenye jina kwenye stika. Anza na skrini, kwa sababu skrini ndiyo itakayoiambia kadi ifanye kazi kiasi gani.

TV za inchi 32 za bei ya kawaida nyingi ni 1366 kwa 768, na picha zinachelewa kidogo kufika. Unabonyeza kupiga, beki ameshafika. Tafuta monita ya inchi 24, 1920 kwa 1080, hata ya mtumba, mradi haina mstari wala doa jeupe. Ikiwa 75Hz au 100Hz (mara inavyobadili picha kwa sekunde) unashukuru. Usihangaike na skrini kali zaidi za 1440p wala 4K, kwa hela hii utaishia kuona picha nzuri zinazotembea kama slaidi za mkutano.

Tukishakubaliana ni 1080p, ndipo tunafika kwenye kadi, na hapa ndipo hela iende. Kwa mfuko wako ningetafuta RX 6600. Ilitoka Oktoba 2021, ina GB 8, inakula wati 132 tu na inataka waya mmoja wa pini nane. Haina haja ya pawa saplai kubwa, jambo ambalo Bongo ni nusu ya vita. Ukikosa, GTX 1660 Super, ila GB 6 zake zinaanza kubana kwenye geimu mpya. RX 580 utaambiwa ni "GB 8 kwa bei ya chai". Ni ya 2017, inakula wati 185, na nyingi zilizoko sokoni zilichimba sarafu za kidijitali. Angalia pia zile zilizoandikwa 2048SP, hizo si 580 kamili, zimepunguzwa. RX 6500 XT usiguse kwenye bodi ya zamani, imefungiwa njia nne tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na bodi), ukiiweka kwenye PCIe 3.0 inachechemea.

Kununua kadi ya mtumba si dhambi. Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, shehena nzima iliingia sokoni, na nyingi ziko hai mpaka leo. Ila usinunue iliyolala mezani. Iwekwe kwenye mashine, washa FurMark (programu ya kuichosha kadi), kaeni muongee habari za mpira dakika kumi na tano. Ukiona vidoti vya rangi au mistari, aga uondoke. Sikiliza feni, ikikwaruza ni bei ya feni mpya juu yako. Tazama skrubu: zikiwa zimechakaa vichwa, kuna mtu alishaingia humo kabla yako.

Prosesa sasa. Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F, yoyote utakayoiwahi kwa bei nzuri. Zote kori sita, nyuzi kumi na mbili, zote za 2022, na RX 6600 haitaziona tofauti. Usichanganye 5600 na 5500: hiyo ya pili ina kashe (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) nusu, MB 16 badala ya 32, na PCIe yake ni 3.0. Na jua kwamba 5600 na hiyo yenye F mwishoni hazina picha za ndani. Bila kadi, skrini ni giza.

GTA VI iweke pembeni. Iliyotangazwa ni ya PS5 na Xbox Series, Novemba 2026. PC haijatajwa.

AM5_au_kulala:
Fundi unampoteza mwenzio. AM4, tundu la bodi linalokaa hiyo 5600, ni soketi ya 2016, imeshazeeka. Mwambie achukue Ryzen 5 7600 na bodi ya AM5, miaka mitatu ijayo anabadilisha prosesa tu. Sasa hivi ananunua kaburi.

FundiBisibisi:
Mwaka juzi ningekubaliana nawe. Lakini AM5 haili kitu kingine ila DDR5, na wewe mwenyewe unajua bei ya RAM tangu mwishoni mwa 2025. Viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya AI, sisi wacheza geimu tumebaki na makombo. Micron Desemba ile ile ilitangaza kwamba inaachana na Crucial kabisa. Leo akichukua AM5, bodi na RAM vitameza hela ya kadi, atabaki na prosesa nzuri inayochora picha mbovu.

DDR4 nayo imepanda, lakini ina mlango wa uani. Zile kompyuta za ofisi za mtumba za kuanzia kizazi cha 8 cha Intel zina DDR4 ndani. Mafundi wengi wanazichinja kwa ajili ya vipuri. Nenda ukaulize vipande viwili vya GB 8. Viwe viwili, si kimoja cha 16, ili vifanye kazi kwa pamoja. Angalia mambo mawili: visiwe vifupi vya laptopu (zile kompyuta ndogo kama kitabu zinatumia hivyo), na visiwe vya seva. Cha seva utakiona kina chipu ndogo ya ziada katikati, na lebo yake ina herufi R baada ya namba ya kasi. Hakitawaka kwenye bodi yako. Ukipata 2666 badala ya 3200 utapoteza fremu chache, huzioni kwa macho.

AM5_au_kulala:
Hapo kwenye RAM nimekuelewa. Lakini bado ni kaburi.

FundiBisibisi:
Kaburi lenye 5800X3D, prosesa kali ya geimu ya AM4 hiyo hiyo, siku akipata hela. Nitalala humo.

MpigaVideo_Njiro:
Samahani kuingilia, kaka Fundi. Mimi ni mwanamke nahariri video za harusi Arusha, na nilifuata ushauri kama huu nikajuta. Kama huyu ndugu atakuja kuhariri video au kuchora na Blender, kadi ya AMD itamtesa. Mimi niliuza yangu nikachukua RTX 3060 ya GB 12, na filamu ya sendofu iliyokuwa inalala usiku kucha ikitoka, sasa naiweka kabla ya kupika, nakula, naikuta tayari. Ndugu, wewe ni geimu tu?

RangiTatu01:
Geimu tu dada. Video sijui hata kukata.

MpigaVideo_Njiro:
Basi chukua hiyo 6600. Ila RTX 3050 wakikushawishi kwa jina la RTX, kataa. Haiifikii.

MzeeWaDOS:
Vijana, habari za jioni. Mmefika mbali hamjaongelea pawa saplai, na ndiyo inayoua. Miaka mitatu iliyopita nilimuungia mwanangu mashine, nikabana kwenye kitu kimoja tu: pawa saplai ya elfu thelathini, imeandikwa 500W kwa herufi za dhahabu. Siku ya nne, saa mbili usiku, umeme ulikatika ukarudi. Tukasikia *pa!*, harufu kama ya nywele zilizoungua ikajaa sebuleni. Ilipokufa haikufa peke yake, ilichukua bodi na SSD yenye picha za mahafali.

Nilipotulia nikasoma ile lebo ya ubavuni, kitu nilichopaswa kufanya dukani. Kwenye safu ya 12V ilikuwa imeandikwa ampea 18. Kumi na mbili mara kumi na nane ni 216. Kadi na prosesa vyote vinakula kwenye hiyo 12V. Kwa hiyo nilinunua wati 216 kwa jina la 500. Kijana, usisome namba kubwa ya mbele, soma safu ya 12V. Saplai ya kweli ya wati 550 ina ampea arobaini na kitu hapo. Na ipime mkononi: ikiwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa, irudishe rafu.

Ukikuta nyuma ina kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kiko 230 kabla hujachomeka. Huwa tunajifunza hilo mara moja tu.

FundiBisibisi:
Shikamoo mzee. Umenimalizia kazi. 550W yenye 80 Plus Bronze (alama ya kutopoteza umeme mwingi) ya kampuni inayojulikana, mpya, na risiti. Hiki ndicho kitu pekee kwenye mashine hii ambacho sikuruhusu ununue cha mtumba.

Likoni_Fery:
Mimi niko Mombasa, nitasema la joto. Hizo keisi za kioo mbele, hapa pwani ni jiko. Niliishi na moja mwaka mzima, kadi inagonga 80 na kitu, feni zinalia kama boti ya kuvukia. Nikang'oa kile kioo cha mbele kwa hasira, joto likashuka papo hapo. Tafuta ya wavu mbele, feni mbili zinavuta, moja nyuma inatoa. Taa hata usipokuwa nazo geimu haijui. Na ufute vumbi kila mwezi, chumvi ya bahari ikichanganyika na vumbi inakuwa kama ugali uliokauka kwenye sufuria.

RangiTatu01:
Mbagala bahari iko mbali kidogo ila vumbi tunalo la kuuza. Na vipi nikiagiza Dubai? Jirani yangu anakwenda mwisho wa mwezi.

BurDubai_Mswahili:
Niko huku mwaka wa saba. Duka za kompyuta ziko barabara ya Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai, watu wanaiita mtaa wa kompyuta. Kadi na prosesa ni vitu vya kuagiza, vidogo, vinaingia kwenye begi. Umeme wa huku na plagi ni sawa na za kwenu, hilo halina shida. Lakini monita usithubutu. Nimeshatuma mbili, moja ilifika ina ufa kama ramani ya mto Rufiji. Na warantii inabaki huku, kitu kikifa utanitafuta mimi. Kwa mtu anayeunga mara ya kwanza, aongeze kidogo anunue karibu na anapoweza kurudi kugombana.

kimya_kingi:
"Karibu na anapoweza kurudi kugombana." Hii iwekwe juu ya uzi.

RangiTatu01:
Wakuu nimerudi, siku tisa nimezunguka mpaka soli imeisha. RX 6600 ya mtumba 430,000, imekaa FurMark dakika ishirini, muuzaji mpaka akaniletea soda. 5600 nimepata 270,000. Bodi B550M 260,000. RAM vipande viwili vya 8 kutoka kwa fundi anayechinja kompyuta za ofisi, 150,000. SSD ya NVMe GB 500, 170,000. Pawa saplai 550W Bronze 180,000, nimesoma ile safu, ampea 43, mzee umeniokoa. Keisi ya wavu 130,000. Monita inchi 24 ya mtumba 220,000. Jumla 1,810,000. Naunga leo usiku watoto wakilala.

FundiBisibisi:
Kazi safi. Kabla hujaanza: gusa chuma cha keisi kwanza mikono itoe umeme. Prosesa ina pembetatu ya dhahabu kwenye kona, ioanishe na ya soketi, idondoke yenyewe, usiisukume. Feni ya prosesa usiibanduebandue, pesti yake inapakwa mara moja. RAM tundu la pili na la nne kuanzia upande wa prosesa, kama bodi ina manne.

RangiTatu01:
Saa sita na robo. Feni zinazunguka zote, monita inasema hakuna mawimbi. Waya wa HDMI nimechomeka kwenye kadi, si kwenye bodi, nimehakikisha mara tatu. Natoka jasho. Kuna kitaa kidogo chekundu kwenye bodi pembeni ya RAM.

FundiBisibisi:
Kando ya hicho kitaa kumeandikwaje?

RangiTatu01:
DRAM.

FundiBisibisi:
Zima, chomoa ukutani. Toa RAM zote mbili, rudisha moja, tundu la pili. Bonyeza mpaka usikie *ta*, hata kama unahisi bodi inataka kuvunjika. Haivunjiki.

RangiTatu01:
IMEWAKA. Ilikuwa haijaingia upande mmoja. Nimerudisha na ya pili. Wakuu sijui niseme nini.

AM5_au_kulala:
Hongera kaka. Kaburi limewaka taa.

FundiBisibisi:
Ukishaweka Windows na draiva za AMD, ingia kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya monita, uangalie Hz. Wengi wananunua ya 75 au 100 na Windows inaiacha 60 miaka nenda rudi.

MzeeWaDOS:
Na hesabu ya LUKU ulishafanya? Mashine hiyo na monita, ukicheza, ni kama wati 250. Saa nne ni uniti moja. Ukicheza kila siku ni uniti thelathini kwa mwezi. Kama nyumbani mko kwenye tarifa ndogo ya uniti 75, na friji ipo, mtaivuka.

RangiTatu01:
Hilo sikulifikiria mzee. Tutacheza wikendi.

Siku ya tatu leo. GTA V inateleza kama mafuta, FC nimefungwa na dogo wa miaka kumi na mbili. Swali moja la mwisho: kila baada ya muda monita inafumba jicho sekunde moja, na jana mashine ilijizima yenyewe ikawaka. Joto nimeangalia, prosesa 68, kadi 71. Kadi ni mbovu?

FundiBisibisi:
Inafumba wakati wa geimu tu, au hata ukiwa umekaa kimya?

RangiTatu01:
Hata kimya. Kama kila nusu saa hivi. Halafu taa ya sebuleni nayo inapepesa kidogo.

FundiBisibisi:
Mashine umeichomeka wapi?

RangiTatu01:
Kwenye ekstensheni ya sebuleni. Pamoja na friji.

FundiBisibisi:
Ekstensheni MOJA na friji?

RangiTatu01:
Ndiyo mkuu, soketi nyingine iko mbali.

MzeeWaDOS:
Mtume salama! Kompresa ya friji ikistuka kuwaka inavuta umeme kwa kishindo, hapo voteji inaanguka kwenye huo waya mwembamba. Tenganisha sasa hivi. Friji iwe na soketi yake ya ukutani, na gadi yake. Kompyuta na UPS siku ukipata.

RangiTatu01:
Nimechomoa. Mama watoto yuko mlangoni anauliza kwa nini maziwa ya mtoto yamewekwa kwenye friji isiyowaka.